Tusipime Mto kwa Mvua za Jana

Wakulima wenzangu wa Kitui na Makueni,

Wazee walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Neno hili sote twalijua, na wengi wetu twalifuata katika mambo ya duka, ya ng'ombe na ya karo za watoto. Lakini iko mali nyingine, kubwa kuliko duka, ambayo ni juzi tu tumeanza kuiandikia daftari. Mali hiyo ni vilima vyetu, mito yetu ya msimu, mchanga ulalao ndani ya mito hiyo, miti ya porini, na nyuki wakaao katika miti hiyo. Nafurahi kwamba daftari limefunguliwa. Ila nataka kukuonya, msomaji wangu, kwamba twaliandika kwa namna itakayotudanganya, na yafaa tulisahihishe sasa kabla wino haujakauka.

Kosa lenyewe ni hili. Twahesabu faida za nchi kana kwamba mvua itaendelea kunyesha kama ilivyonyesha zamani za baba zetu. Tabia ya nchi inabadilika, na hesabu isiyoingiza mabadiliko hayo ni sawa na hesabu ya mfanyabiashara anayeandika bei za mwaka juzi kisha akashangaa kuona amefilisika.

"Mwaka upi, mwanangu?"

Mimi ni karani katika afisi ya kilimo. Nilisomea ualimu, na sasa kazi yangu ni kujaza vitabu na fomu. Siku moja nilitumwa kwenye mkutano kando ya mto wa msimu, tuandike faida ambazo wenyeji wanazipata katika mto huo na vilima vinavyouzunguka. Fomu yangu ilikuwa na mistari mingi: maji, malisho, kuni, asali, mchanga, matunda ya mwitu. Kando ya kila mstari palikuwa na nafasi moja tu, na juu yake pameandikwa "Faida kwa mwaka."

Tuliketi chini ya mgunga. Nikamwuliza mama mmoja mzee, "Mama, kisima hiki cha mchangani huwatosha watu wangapi kwa mwaka?" Akanitazama, akasema, "Mwaka upi, mwanangu?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaandika tarakimu moja ya katikati na kufunga kitabu. Niliporudi nyumbani ndipo nilipotambua kwamba swali la mama yule ndilo lililokuwa hesabu yenyewe, na kwamba tarakimu yangu ya katikati ilikuwa uvivu tu. Mama yule alikuwa na miaka mingi mbalimbali kichwani mwake. Uko mwaka ambao kisima kile hakina mtu kwa sababu maji yako kila mahali. Uko mwaka ambao vijiji vitatu vinakitegemea, na wanawake hulala hapo wakingoja zamu. Tena uko mwaka ambao mafuriko hukifukia, kikachimbwa upya. Mimi niliichanganya miaka hiyo yote nikaifanya mwaka mmoja ambao haujapata kuwako.

Wastani waweza kutudanganya

Wape watoto wako hesabu hii. Mtu alikula milo sita siku ya Jumatatu, na Jumanne hakula hata mmoja. Wastani wake ni milo mingapi kwa siku? Wataandika mitatu, na jibu ni sahihi. Lakini mwende mkamwulize mtu huyo Jumanne usiku kama ameshiba.

Ndivyo mvua yetu ilivyo. Vitabu husema kwamba sehemu za Kitui hupata kadiri ya milimita 500 mpaka 1,050 kwa mwaka. Tarakimu hizo si uongo, lakini hazikuambii mvua ilikuja lini, wala ilikuja kwa upole au kwa hasira.

Mwaka wa 2020 vuli ilipungua. Masika ya 2021 yakapungua. Vuli ya 2021, masika ya 2022, na vuli ya 2022 zikawa vivyo hivyo. Misimu mitano mfululizo ilikuwa mibaya katika sehemu kubwa za nchi kame za Kenya, Ethiopia na Somalia, jambo lisiloonekana kwa muda wa miaka 40. Na kwetu Ukambani vuli ndiyo mvua tunayoitegemea zaidi kuliko masika. Kisha, vuli ya 2023 ilipokuja pamoja na El Nino, ikamwaga maji kupita kiasi, na masika ya 2024 yakaleta mafuriko tena. Ukiijumlisha miaka hiyo na kuigawanya, waweza kupata wastani unaopendeza. Lakini mbuzi aliyekufa mwaka wa 2022 hakufufuliwa na maji ya mwaka wa 2023.

Tena ukame na mafuriko si maadui wanaopeana zamu siku zote; mara nyingine huja pamoja. Tarehe 4 Desemba 2021, katika msimu ule ule uliohesabiwa kuwa mmoja wa misimu mitano mibaya, mto Enziu karibu na Mwingi ulifurika ukalichukua basi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisi sote tulisikitika. Lakini pamoja na kusikitika yatupasa kujifunza: hata mwaka wa njaa ya maji, mto waweza kuua kwa maji.

Wanasayansi wa nchi mbalimbali waliochunguza ukame ule walitoa taarifa mwaka wa 2023. Walisema kwamba ongezeko la joto duniani lililoletwa na kazi za wanadamu limeufanya ukame wa udongo wa namna ile uwe rahisi kutokea kwa kadiri ya mara 100 kuliko zamani. Angalia neno "udongo." Si mvua peke yake iliyopungua, bali joto huyanyonya maji yaliyokwisha kunyesha. Joto la wastani la Kenya limepanda kwa kadiri ya digrii 1 tangu mwaka wa 1960. Digrii moja yaonekana ndogo, lakini kumbuka kwamba Kitui jua huweza kukausha maji ya wazi mara mbili ya mvua inayonyesha, au zaidi. Basi hata kama mvua ya mwaka huu ni sawasawa na ile aliyoipima babu yako, shamba lako halipati maji sawasawa na ya shamba lake.

Hesabu ya lori moja la mchanga

Sasa tufanye hesabu moja pamoja. Chukua kalamu.

Lori limekuja mtoni na kuchukua mchanga mita za ujazo 10. Mchanga mnene ukijaa maji waweza kutoa maji kadiri ya robo ya ujazo wake. Robo ya mita za ujazo 10 ni lita 2,500, yaani mitungi 125 ya lita 20. Kama mchanga huo ungebaki mtoni, ungejazwa maji katika vuli na tena katika masika. Hiyo ni mitungi 250 kwa mwaka, na kwa miaka 10 ni mitungi 2,500. Hii ndiyo hesabu ya nafasi moja, ile niliyoiandika mimi. Tayari inaonyesha kwamba mchanga si mchanga tu. Ni tangi lisilokuwa na kifuniko cha bati, maana jua haliwezi kuyafikia kwa urahisi maji yaliyo chini ya mchanga zaidi ya nusu mita.

Lakini ingiza sasa tabia ya nchi. Mwaka wa kiangazi kikali masika yamekosekana. Mchanga ule umejaa mara moja tu, nao umetoa mitungi 125. Karani mvivu ataandika kwamba thamani ya mchanga imepungua kwa nusu. Je, ni kweli? Mwaka huo madimbwi yamekauka, punda wamekonda, na bei ya mtungi mmoja mwezi wa Septemba waijua mwenyewe. Tuseme kwa mfano kwamba bei imepanda mara tatu tu. Mitungi 125 mara tatu ni sawa na mitungi 375 ya mwaka mzuri. Mchanga umetoa maji nusu, lakini faida yake imepita ile ya mwaka wa neema.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Ziko mali ambazo thamani yake huanguka mvua inapoharibika, kama vile shamba la mahindi katika nchi tambarare yenye joto. Na ziko mali ambazo thamani yake hupanda siku ile ile mvua inapoharibika: mchanga wa mto, mbuyu, mkwaju, malisho yaliyofungwa, chemchemi iliyo chini ya msitu. Hesabu ya mwaka wa katikati huzipendelea zile za kwanza na kuzionea hizi za pili. Na kama miaka mibaya itaongezeka, basi kila mwaka tutakuwa tukiuza kwa bei ya chini kitu kilichokuwa kikipanda bei. Mwenye lori ameifanya hesabu yake vizuri. Sisi tulio ukingoni ndio tusioifanya.

Sisemi kwamba mchanga usiuzwe hata kidogo. Nyumba zajengwa, na kijana anayepakia mchanga ana watoto wanaotaka kula. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka wa 2015, baada ya magomvi ya mchanga yaliyogharimu maisha ya watu. Sheria hiyo ina maneno mawili, kuhifadhi na kutumia, na maneno yote mawili ni ya lazima. Kitui nayo ilipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti mwezi wa Januari 2018. Lakini marufuku peke yake hayajawa hesabu. Ukimwambia mtu asiguse mchanga bila kumwonyesha mtungi ulio ndani yake, atangoja usiku uingie.

Mto husomwa pamoja na kilima

Daftari letu lina kosa lingine: kila kitu kimeandikwa kwenye mstari wake peke yake. Mto huku, kilima kule, nyuki ukurasa mwingine. Nchi haiishi hivyo.

Chukua mabwawa ya mchanga, ambayo nchi yetu imesifiwa kwayo duniani. Vikundi vya wakulima, wakisaidiwa na mashirika kama SASOL huko Kitui na Utooni huku upande wa Machakos na Makueni, vimejenga mamia ya kuta katika mito ya msimu. Mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga. Ni kazi nzuri sana. Lakini wachunguzi waliopima baadhi ya mabwawa hayo walikuta yamejaa udongo laini badala ya mchanga mnene. Udongo laini ni bahili: hushika maji lakini hautoi. Ulitoka wapi? Ulitoka kilimani, ambako miti ilikatwa na mashamba hayana makinga maji.

Sasa fikiri mvua za hasira zikizidi, kama zinavyotazamiwa kuzidi dunia ipatapo joto. Mvua ya milimita 1 katika ekari moja ni kadiri ya lita 4,000. Mvua ya milimita 50 ikishuka jioni moja ni lita 200,000, yaani mitungi 10,000 katika ekari moja tu. Ikikuta ardhi tupu, itakimbia na udongo wako hadi bwawani. Ikikuta fanya juu iliyotengenezwa vizuri na majani yameshika ukingo, itasimama na kuingia chini. Kwa hiyo yeyote aandikaye thamani ya bwawa la mchanga la miaka 50 bila kuandika hali ya kilima kilicho juu yake, na mvua itakayokipiga kilima hicho, ameandika ndoto.

Tazama pia Chyulu. Vilima vile havina mto juu yake. Mawe yake ya volkano hunyonya mvua na ukungu, na maji hutokeza mbali chini, katika chemchemi kama Umani karibu na Kibwezi, na kule kusini Mzima, ambako bomba la Mombasa huchota maji tangu miaka ya 1950. Mtu wa Mombasa hunywa kilima ambacho pengine hajakiona. Joto likizidi, nyasi zitakauka mapema na moto utapanda kwa urahisi hadi penye msitu wa ukungu. Basi faida ya Chyulu haiwezi kuandikwa kwa kupima maji ya leo tu. Lazima tuandike pia gharama ya kukilinda kilima katika miaka yenye joto zaidi.

Tena siku hizi watu huja kununua kaboni iliyo katika miti yetu. Biashara hiyo imekwisha kufika Chyulu, na yaweza kufika kwako. Sheria ya nchi iliyorekebishwa mwaka wa 2023 yasema kwamba miradi ya ardhi iipe jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato. Hilo ni jema. Lakini mapatano hayo ni ya miaka mingi. Kabla hujatia kidole gumba, uliza: miti hii ikikaushwa na misimu mitano mibaya, au ikiungua, hasara itakuwa ya nani? Mkataba usiokuwa na jibu la swali hilo umeandikwa kwa mvua za jana.

Nyuki vilevile. Asali ya Kitui na Mwingi inajulikana sana. Nyuki hufuata maua, na maua ya migunga hufuata mvua. Maua yakikosekana, nyuki huhama na mizinga hubaki mitupu. Nao nyuki hao ndio wanaotembelea maua ya maembe, matikiti na mbaazi zako. Hasara ya mzinga mmoja yaandikwa mahali pa asali, lakini nusu yake iko shambani, nayo haiandikwi popote.

Waliokosea hesabu kabla yetu

Pengine utasema, "Karani huyu anatutisha." La, sivyo. Hesabu ya kutisha nayo yaweza kuwa ya uongo, na nchi yetu yenyewe ni ushahidi.

Mwaka wa 1937 afisa wa serikali ya kikoloni aliyeitwa Colin Maher aliandika taarifa juu ya mmomonyoko wa udongo wa Ukambani. Aliona mabonde yamechimbika na vilima vimekuwa vitupu, naye akaona nchi inakwenda kuharibika kabisa. Serikali ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu, na mwaka wa 1938 Wakamba maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaenda kwa miguu mpaka Nairobi kukataa. Muindi alihamishwa akapelekwa Lamu, lakini ng'ombe waliacha kunyang'anywa.

Je, nchi ilikufa kama ilivyotabiriwa? Haikufa. Watu wakachimba makinga maji, hasa fanya juu tangu miaka ya 1950, wakapanda miti mashambani, na wakapeleka mazao sokoni. Mwaka wa 1994 wachunguzi Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka wa 1992. Walionyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka mara tano au zaidi tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Bwana Maher aliona udongo vizuri, lakini katika hesabu yake hakuwaandika watu na jembe zao. Sisi tusirudie kosa lake kwa kuiacha tabia ya nchi. Wala tusiogope tabia ya nchi hata tukajisahau sisi wenyewe. Daftari la kweli lina mvua inayobadilika, na lina mkono wa mkulima pia.

Na wataalamu wakisigana?

Wako wanaosema, "Wataalamu wenyewe hawapatani. Mashine zao za kukadiria husema mvua ya Afrika ya Mashariki itaongezeka, na sisi tumeona masika yakipungua tangu miaka ya 1980. Kwa nini tuhangaike na hesabu isiyojulikana?"

Swali hili ni la haki. Ni kweli kwamba makadirio na vipimo vya masika havijapatana, na wanasayansi wanaendelea kulitafuta jibu. Lakini fikiri kama mkulima. Je, wewe hungoja kujua mvua itanyesha lini ndipo utengeneze ghala? Mtu asiyejua kama atakutana na jua au mvua njiani huchukua mwavuli, maana hufaa kwa vyote viwili. Vivyo hivyo tuchague kwanza kazi zinazofaa mvua ikizidi na zinazofaa ikipungua. Fanya juu hushika maji ya mwaka haba na huzuia udongo wa mwaka wa mafuriko. Kilima chenye miti hufanya hivyo hivyo. Shamba lenye mtama, ndengu, kunde na mbaazi pamoja halitegemei bahati moja.

Na kazi inayofaa kwa hali moja tu tuipime mara mbili kabla ya kuilipia. Mti ni mfano mzuri. Tangu mwaka wa 2022 serikali imetuhimiza tupande miti kwa wingi, na tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa mapumziko ili lipande. Tupande! Lakini mti wa miaka 20 utaishi katika tabia ya nchi ya miaka 20 ijayo. Mkaratusi kando ya chemchemi hunywa maji mengi ambayo watoto wako watayatafuta. Mukau wetu umezoea ukame, hutoa mbao nzuri, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ina kituo chake Kitui kilichochagua mbegu bora za mti huo. Hesabu miche itakayokuwa hai baada ya kiangazi cha tatu, usihesabu mashimo yaliyochimbwa siku ya sherehe.

Mambo ya kufanya

Makueni ilikuwa kaunti ya kwanza nchini kuweka kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabia ya nchi, mwaka wa 2015, na kuutengea asilimia 1 ya fedha zake za maendeleo. Kitui nayo ikafuata. Sheria ya nchi ya mwaka wa 2016 inazitaka kaunti zote ziingize jambo hili katika mipango yao. Fedha hizo hupitia katika kamati za wadi, yaani katika mikono ya majirani zako. Basi mambo haya yanakuhusu wewe, wala si wakubwa wa Wote na Kitui mjini peke yao.

Kwanza, nafasi ile moja ya "faida kwa mwaka" ifutwe. Pawe na nafasi tatu: mwaka mzuri, mwaka wa kiangazi, mwaka wa mafuriko. Haidai fedha, yadai karatasi pana kidogo.

Pili, wazee na akina mama waulizwe kabla ya kuandika. Wao wanakumbuka ni kisima kipi kilichobaki na maji mwaka wa 2022, ni mti upi uliozaa njaa ilipoingia, na maji ya 2023 yalifika wapi. Kumbukumbu hizo ni vipimo. Ziandikwe karibu na vipimo vya mvua, zisaidiane.

Tatu, kila kitu chenye maisha marefu kiulizwe swali la maisha yake. Bwawa la miaka 50, mti wa miaka 20, mkataba wa kaboni wa miaka 30: je, kitafaa joto likizidi? Na ukuta wa bwawa ujengwe kwa ngazi, kidogo kidogo kila msimu, ili mafuriko yapitishe udongo laini na kuacha mchanga.

Nne, kabla mchanga au miti ya wadi haijauzwa, hesabu ya mitungi ifanywe mbele ya watu wote, vijana wapakiaji wakiwapo. Kama hesabu itasema usiuzwe, basi ioneshwe pia kazi watakayoifanya vijana hao. Kuchimba makinga maji ya kilima kile kile ni kazi, nayo yaweza kulipiwa kutoka mfuko huo.

Tano, daftari lifunguliwe upya kila kaunti inapotengeneza mpango wake wa miaka 5. Hesabu ya tabia ya nchi si kama jedwali la kuzidisha, ambalo ukilijua umemaliza.

Msomaji wangu, huenda siku moja karani kama mimi akaja kijijini kwako na fomu yenye nafasi moja tu. Mkaribishe, mpe kiti kivulini, mpe na maji anywe. Atakapokuuliza mto wenu una faida gani kwa mwaka, usimpe tarakimu haraka ili mkutano uishe. Mwulize kwanza, "Mwaka upi?" Kisha ungoje mpaka ageuze karatasi na kuchora nafasi nyingine mbili.